WITCH, bendi ya roki ya Kitwe: ilitoka wapi, ilimsikiliza nani, na santuri ya baba mdogo ifanyweje

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Mwanjelwa, Mbeya, napiga gitaa la solo kwenye kwaya ya kanisa. Baba yangu mdogo alifanya kazi reli ya TAZARA, karakana ya Mpika kule Zambia, akarudi na santuri chache. Moja ni ya bendi inayoitwa WITCH, imeandikwa Lazy Bones!!. Nimeutafuta muziki wao kwenye simu nikashangaa. Magitaa yanakoroma kama ya Wazungu, lakini dramsi inanivuta kama ngoma ya kwetu. Hawa watu ni nani? Walimwiga nani, na kwa nini walipotea? Na sisi huku, tulio karibu hivi na mpaka, mbona hatukuwa na bendi ya roki kama ile? Mwisho, santuri ina mikwaruzo kidogo. Niifanye nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na ndaga fijo kwa swali. Kuna maneno yako yaliyonikalisha chini niandike kwa kirefu: kwamba magitaa yanakoroma kama ya Wazungu lakini dramsi inakuvuta kama ngoma ya kwetu. Shikilia hapo hapo. Wengi waliozungumzia WITCH wamesikia magitaa tu, wakaishia kuwaita Waafrika walioiga Waingereza. Mimi muziki huu nimeusikiliza tangu nilipokuwa na umri wako, na gitaa nimelifundisha Mbeya na Iringa miaka mingi. Walichokiiga ni mlio. Mwendo ulikuwa wao, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo mwendo ule ulivyozidi kuumeza mlio.

Tuanze na mahali. WITCH ni bendi ya Kitwe, mji wa migodi ya shaba. Ukitoka Mbeya unapita Mlowo, Vwawa, Tunduma, unavuka Nakonde, halafu unaifuata ile barabara ndefu ya Isoka, Mpika na Serenje mpaka Kapiri Mposhi. Hapo unapinda kulia kwenda Ndola, na Kitwe iko mbele kidogo. Wazee wetu waliijua njia hii kabla haijatiwa lami. Wanyakyusa walikwenda kwa wingi kuchimba shaba tangu enzi za Mwingereza, wengine wakaandikishwa na Wenela, shirika lililokusanya vibarua wa migodini, wakaenda mpaka kwenye dhahabu ya Afrika Kusini. Wanamwanga ndio kabisa, ukoo mmoja uko Tunduma na Nakonde. Kwa hiyo usiione Kitwe kama mji wa ugenini. Nyumba nyingi za Rungwe na Kyela zilikuwa na mtu aliyekwenda huko, na wapo ambao hawakurudi.

Sasa uone mji wenyewe ulivyokuwa Zambia ilipopata uhuru Oktoba 1964. Shaba ilileta zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za fedha zote za kigeni za nchi. Migodi ilikuwa imejenga vitongoji vya wafanyakazi kama Wusakile, Chamboli na Mindolo, na vitongoji hivyo vilikuwa na ukumbi, uwanja wa mpira na umeme. Nataka uitazame hiyo habari ya umeme kama mpigaji. Gitaa la galatoni, lisilo la umeme, unaweza kulipiga Makongolosi gizani, lakini roki haipigiki bila amplifaya, wala amplifaya haiwaki bila waya kutoka ukutani. Mtoto wa mchimbaji wa Kitwe alikuwa na soketi, ukumbi wenye jukwaa, na baba anayepokea mshahara kila mwezi. Mjini kulikuwa na duka linalouza santuri za nje, na mtaa wa pili waliishi wachimbaji Wazungu waliokuja na muziki wao. Usiku redio ilivuta vituo vya mbali, kikiwemo kile cha Lourenço Marques, Maputo ya leo, kilichopiga nyimbo za vijana wa Ulaya na Marekani. Bila vitu hivyo, kipaji peke yake kisingezaa WITCH.

Bendi ilijikusanya mwanzoni mwa miaka ya 1970, kutoka katika vikundi vya vijana vilivyokuwa vikivunjika na kuundwa upya kila mara pale Kitwe. Jina lake ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza, We Intend To Cause Havoc, yaani tumekusudia kuzusha vurumai. Ukiisoma kama neno moja, inakuwa mchawi. Waimbaji wangapi wa kwetu wangethubutu kujiita hivyo mbele ya wazazi wao? Aliyesimama mbele ni Emmanuel Chanda, ambaye watu walimwita Jagari kwa sababu alivyorukaruka jukwaani aliwakumbusha Mick Jagger wa Rolling Stones. Tazama jina hilo walivyolifanya: Jagger wamelitia irabu mwishoni, likawa Jagari, likalainika mdomoni. Ndivyo walivyoufanya na muziki. Chris Mbewe, waliyemwita Kims, alipiga solo. John Muma alikuwa na gitaa la ridhimu, Gedeon Mulenga besi, Boidi Sinkala dramsi. Watano hao ndio unaowasikia zaidi kwenye santuri ya baba yako mdogo.

Walimsikiliza nani? Jagari amesema mara nyingi na hafichi: Rolling Stones, Deep Purple, Led Zeppelin, Black Sabbath, Grand Funk Railroad ya Marekani, Jimi Hendrix, na kwa upande wa uchezaji jukwaani, James Brown. Mwanzoni walipiga nyimbo za hao hao ukumbini, kwa sababu ndizo watu walizolipia kiingilio. Usilidharau jambo hilo. Hata nyumbani kwetu mganda wa Wanyasa ulianza kwa vijana kuiga gwaride na tarumbeta za askari wa kikoloni, wakatumia vibuyu badala ya shaba, na leo nani atakwambia mganda si ngoma ya kwao? Kuiga ni darasa. Cha kujua ni kama mtu alihitimu.

Wao walihitimu, na ukitaka ushahidi wa masikio sikiliza santuri zao kwa mpangilio wa miaka. Ya kwanza, Introduction, ina ubichi wa vijana walioingia studio na kupiga kama wapigavyo ukumbini. Gitaa na kinanda cha umeme vinagombania nafasi, sauti ya Jagari iko juu, kila mtu ana haraka. Ya pili ni In the Past ya 1974. Hapo wametulia, nyimbo zina mwanzo na mwisho, na Mbewe ameanza kuacha nafasi kati ya noti moja na nyingine. Halafu 1975 inakuja hii uliyonayo mkononi.

Lazy Bones!! ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nitakueleza kwa lugha ya fundi kwa nini. Gitaa limepitishwa kwenye kifaa cha fazi, kile kinachoubana mkondo wa sauti mpaka kilele cha wimbi kikatike na nyuzi zikorome. Mara nyingine wanatumia pedali ya wawa inayofungua na kufunga sauti kama mdomo wa mtu. Vifaa hivyo ni vya nje na namna ya kuvitumia ni ya nje. Lakini ondoa gitaa kichwani mwako, fuata dramsi na besi peke yake. Sinkala hapigi ule mpigo mzito wa nne wa Black Sabbath, unaokanyaga chini kama buti. Ninavyomsikia mimi, mkono wake unazungusha tatu ndani ya mbili, na besi ya Mulenga inazunguka nayo, inarudi pale pale kila baada ya hatua chache bila kuchoka. Huo ni mzunguko wa ngoma, mwanangu. Ngoma za kwetu haziendi mbele kama wimbo wa Kizungu wenye ubeti na kiitikio. Zinazunguka, na mchezaji anaingia ndani ya mzunguko. Ndiyo maana ulivutwa. Kalisikilize na ligombo la Wahehe kama unaweza kumpata mpigaji Iringa: kipande kifupi cha nyuzi kinarudiwa na kurudiwa huku sauti ikisimulia juu yake. Kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa ndicho uti wa roki nzima. Vijana wa Kitwe hawakulazimika kujifunza hilo kutoka London, maana walikuwa nalo tangu mgongoni mwa mama. Roki iliwapa kelele na umeme tu.

Kuna pia Osibisa, na hao wengi huwasahau. Osibisa iliundwa London mwaka 1969 na wanamuziki ambao viini vyao walikuwa Waghana, wakachanganya roki, tarumbeta na ngoma za Afrika Magharibi bila aibu yoyote. Kwa vijana wa Zambia ilikuwa kama mkubwa amekuja kuwapa ruhusa. Bendi ya Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga ndiyo iliyoifuata njia hiyo waziwazi, kwa ngoma na vibwagizo vya nyumbani. WITCH walikwenda taratibu zaidi. Mwaka 1976 walitoa Lukombo Vibes, na jina tu linakwambia wamegeuza shingo kutazama nyumbani, kwa maana lukombo ni kibuyu cha kuchotea pombe. Mwaka 1977 ikafuata Including Janet, na humo roki imelainika, ina mdundo wa kuchezeka zaidi kuliko kutikisa kichwa.

Mgeuko huo haukutoka mioyoni mwao peke yake. Rais Kenneth Kaunda, aliyekuwa mpigaji wa gitaa mwenyewe, aliagiza katika miaka hiyo ya 1970 kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Wazambia. Fikiria maana yake kwa bendi. Siku iliyotangulia unashindana na Rolling Stones kwa dakika za redio, siku inayofuata redio inakutafuta wewe. Ghafla walitakiwa wanamuziki wenye nyimbo zao, na hao walikuwapo tayari kwa sababu ya miaka ya kupiga kumbini. Muziki huo ndio ulioitwa zamroki. Wengine waliokuwa ndani yake ni Amanaz, Keith Mlevhu, Chrissy Zebby Tembo, na Paul Ngozi aliyepiga gitaa kwa meno na kuimba Kinyanja na Kibemba mpaka watu wa mitaani wakamwona ni wao hasa. Agizo lile lilikuwa na makali ya pande mbili, kwani liliusukuma muziki mwingi kuelekea kalindula, muziki wa banjo na besi wa vijijini. Mimi naipenda kalindula, lakini nafasi ya magitaa yanayokoroma ikapungua.

Maonyesho yao yalikuwa marefu ajabu. Jagari amesimulia kwamba wangeweza kuanza saa 1 jioni na kumaliza saa 8 usiku. Wewe unayepiga ibada ya saa mbili unajua vidole vinavyouma. Mtu wa saa 7 jukwaani anajifunza jambo ambalo studio haimfundishi, yaani kuubeba mdundo mmoja kwa muda mrefu bila kuuchosha.

Basi kwa nini walipotea? Anza na shaba tena. Bei yake ilianguka vibaya mwaka 1975, na nchi iliyoegemea shaba kwa kila kitu ikaanza kukosa kila kitu, kuanzia nyuzi za gitaa na taa za amplifaya hadi petroli ya kuipeleka bendi Livingstone. Wakati huo huo kusini kulikuwa na vita. Mpaka wa Zambia na Rhodesia ulifungwa mwaka 1973, na hiyo ni sababu mojawapo reli ya baba yako mdogo ilihitajika haraka namna ile, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikaanza kujengwa 1970 na kukabidhiwa 1976. Zambia iliwahifadhi wapigania uhuru, na ilivamiwa kwa sababu hiyo. Mwaka 1978 majeshi ya Rhodesia yalizishambulia kambi zao karibu na Lusaka. Mwaka huo huo Alick Nkhata, mwimbaji na mtangazaji aliyewafungulia njia Wazambia wote wa gitaa, aliuawa na majeshi hayo shambani kwake Mkushi. Usiku ukawa wa hofu, kukawa na amri za kutotembea na kuzimwa kwa taa. Bendi ya usiku ikalazimika kupiga mchana, na roki ya saa 7 mchana juani si ile ile.

Halafu disko. Mwenye ukumbi aliyekuwa akilipa watu watano, gari na chakula, akagundua kwamba mtu mmoja na sanduku la santuri anatosha. Jagari aliondoka mwaka 1977 akaenda Lusaka kusomea muziki na ualimu katika Chuo cha Evelyn Hone. Waliobaki waliendelea na jina, akaingia Patrick Mwondela kwenye kinanda, wakatoa Movin' On mwaka 1980, ambayo ni disko tupu, na Kuomboka mwaka 1984, iliyobeba jina la sherehe ya Walozi ya kuhama mafuriko ya Zambezi. Ni kazi za mafundi, sikatai, lakini bendi iliyozusha vurumai Kitwe ilikuwa imekwisha.

Kilichofuata ni kigumu kukiandika. UKIMWI uliingia katika kizazi hicho cha wanamuziki wa Zambia kama moto kwenye nyasi kavu, miaka ya 1980 na 1990. Katika watano niliokutajia, aliyebaki hai ni Jagari peke yake. Ukiisikiliza Lazy Bones!! jioni, kumbuka kwamba unawasikiliza vijana wa miaka ishirini na kitu, na wengi wao hawakufika uzeeni wauambie ulimwengu walivyofanya.

Jagari aliishi kwa kuchimba vito, na kwa miaka mingi huenda wachimbaji wenzake hawakujua wanapiga sururu na nani. Kisha katika miaka ya 2000 wapenzi wa santuri za zamani wa Ulaya na Marekani wakaanza kuzisaka hizi za Zambia, kampuni ya Now-Again ya Marekani ikazitoa upya, na mzee akaitwa kupiga ughaibuni. Mwaka 2019 ikatoka filamu ya maisha yake. Akaunda kikosi kipya pamoja na Mwondela na vijana wa Ulaya, wakatoa Zango mwaka 2023, neno la Kikaonde lenye maana ya mahali pa kukutania, na mwaka 2025 wakatoa Sogolo. Mzee wa zaidi ya miaka 70 anaruka jukwaani bado. Mimi nilipomwona kwenye picha za video nililia, sioni aibu kusema.

Sasa lile swali lako la kutuhusu, ambalo naona ndilo lililokuchoma. Mbona sisi hatukuwa nayo? Wengine watakujibu kwamba hatukuwa na fedha ya shaba, na ni kweli kiasi. Wengine watakutajia serikali: mwaka 1969 wakuu wa mkoa kule Dar es Salaam walipiga marufuku muziki wa soul, na katika siasa ya Ujamaa kijana mwenye nywele ndefu na suruali pana chini hakutazamwa vizuri. Hilo nalo ni kweli. Na hatukukosa kabisa. Safari Trippers ya Dar, alikoimba Marijani Rajabu, ilikuwa bendi ya vijana, na Patrick Balisidya na Afro 70 walipiga gitaa lenye moto mpaka wakaiwakilisha nchi kwenye tamasha la FESTAC kule Lagos mwaka 1977.

Ila sababu ninayoiona mimi kuwa kubwa kuliko zote ni lugha. Zambia ina lugha zaidi ya 70, na redio yake ilitangaza kwa saba za nyumbani pamoja na Kiingereza. Pale Kitwe, Mbemba, Mlozi, Mnyanja na Mnyakyusa waliishi mtaa mmoja. Bendi ikiimba Kibemba tu, Mlozi analalamika, kwa hiyo vijana wengi wakaangukia Kiingereza walichofundishwa shule, lugha isiyo ya kabila la mtu. Na Kiingereza chao kilikuwa kifupi, maneno machache yanayorudiwa. Hilo liliacha nafasi kubwa kwa gitaa kusema. Sisi tulikuwa na Kiswahili. Mtu wa Tunduma, wa Tanga na wa Kigoma wote wanakisikia mpaka ndani ya mfupa, na msikilizaji wa Kiswahili anataka kisa. Anataka kujua nani kamsaliti nani, mjomba kasemaje, barua ilifika lini. Wimbo wa dansi unatunga, unaeleza, unausia, ndipo gitaa linapewa nafasi yake mwishoni kwenye chemko, ile sehemu ya kuchezeka. Gitaa linalokoroma mwanzo mpaka mwisho lingefunika maneno, na ukimfunikia Mswahili maneno umemnyang'anya wimbo. Kwa hiyo sisi tulipokea umeme ule ule, tukaupeleka kwenye dansi.

Mfano uko hapo Iringa. Kiwanda cha kukata almasi cha serikali, Tancut, kilikuwa na bendi yake miaka ya 1980, Tancut Almasi Orchestra, ikiwa na wale pacha waimbaji kutoka Zaire, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Hao nao walisimama juu ya madini kama WITCH, lakini vyombo vilikuwa mali ya kiwanda, masikio yao yalielekea Kongo, na nyimbo zao ni visa vya Kiswahili ambavyo watu wa Iringa wanavikumbuka hadi leo. Tofauti nyingine kubwa iko katika santuri. Bendi za kwetu zilirekodi Radio Tanzania, utepe ukabaki maktaba ya redio. Zambia kulikuwa na kampuni zinazotoa santuri nzima ya nyimbo nane au tisa za bendi moja na kuziuza madukani. Santuri hizo ndizo zilizomwezesha mtu wa Los Angeles kuipata WITCH baada ya miaka thelathini. Ngapi za kwetu zilibaki kwenye utepe, na ngapi zilifutwa? Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa gitaa lako la kwaya, usianze kwa kutafuta pedali ya fazi. Kaa na Lazy Bones!! wiki nzima, upige sehemu ya Muma, gitaa la ridhimu, kwa gitaa kavu bila kifaa chochote, mpaka mkono wako uzunguke na dramsi bila kufikiri. Kisha umsikilize Mbewe anavyochelewa kidogo kuingia. Yeye haingii pale mzunguko unapoanza, anaingia ukiwa umeshapinda. Ukilipata hilo, hata ukipiga wimbo wa kwaya watu watageuka kukuangalia.

Na santuri. Kwanza usimuuzie mtu yeyote atakayepita mlangoni, hata akitaja fedha unayoiona nyingi. Nakala za wakati ule ni chache mno na wakusanyaji wa nje huzilipia mamia ya dola, wakati mwingine zaidi. Usiicheze kwenye gramafoni ya zamani yenye sindano iliyolika, kwa kuwa sindano mbovu inachonga mifereji kila inapopita, wala usiweke sarafu juu ya mkono wa sindano kama tulivyofanya sisi. Kuisafisha, tumia maji ya uvuguvugu na tone la sabuni laini ya vyombo, kitambaa kisichochubua, ukifuata mzunguko wa mifereji na kamwe si kuikata katikati, na karatasi ya katikati isilowe. Iache ikauke kivulini. Isimamishe wima kama kitabu, usiilaze chini ya vingine, na isikae karibu na dirisha, kwani jua la Mbeya la saa saba linaipinda hata siku ya baridi. Mikwaruzo midogo huwa ni kelele tu, si kifo. Ukimpata mtu mwenye gramafoni nzuri, muombe airekodi kwenye kompyuta mara moja, kisha uwe unasikiliza nakala hiyo.

Halafu keti na baba yako mdogo umuulize aliinunua duka gani, mwaka gani, na kama aliwahi kuwaona wakipiga. Andika majibu yake kwenye karatasi kwa penseli, uikunje, uiweke ndani ya jalada. Usiandike juu ya jalada lenyewe.